Re: Kifurushi cha kupiga kwa intaneti, laini iko kwa jina la kampuni

Mwanaidi, Sharjah
Asalaam aleikum jamani. Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Laini yangu alinisajilia mandubu wa kazini, yule anayeshughulikia karatasi zetu za serikali, kwa jina la kampuni. Nikimpigia mama Tanga kwa WhatsApp, simu inaita, anapokea, halafu inabaki "inaunganisha" mpaka inakatika. Maandishi na picha zinapita bila shida, ila kupiga ndiko kulikofungwa huku Imarati. Nikaenda duka la kampuni ya simu na EID yangu, kitambulisho cha huku, nitiliwe kifurushi cha BOTIM, programu ya kupiga iliyoruhusiwa. Kijana wa kaunta akasema laini si yangu, aje mandubu na leseni ya biashara na barua yenye muhuri. Mandubu anasema hiyo si kazi yake. Je, naweza kuihamishia kwa jina langu bila kupoteza namba? Namba hiyo ndiyo iko benki na kwenye UAE Pass, kitambulisho cha kwenye simu.

Salum, Deira
Wa aleikum salaam. Dada, umekuja mambo yameshaharibika. Skype tulikuwa nayo mpaka mwisho wa 2017. Ilipozimwa, kampuni ya simu ikaleta programu za BOTIM na C'ME, dirham 50 kwa mwezi kwenye simu, 100 kwa laini ya nyumbani, bei ya wakati ule. Mimi nililipa. Sasa upande wa pili: simu ya mama Pemba haikuwa na nafasi hata ya programu moja zaidi. Mpwa wangu akafuta picha za arusi ya dada yake ili BOTIM iingie. Mpaka leo hawasemezani.

Athumani, Ajman
Weka VPN dada, simu ipite njia ya kificho, ulale.

Salum, Deira
Athumani, usimtie mwenzio matatani. VPN yenyewe haijakatazwa, mabenki yanaitumia. Ukiitumia kupitisha kilichofungwa ndipo unapokamatika. Sheria ya 2016, dirham 500,000 mpaka milioni 2.

Fatma M., Abu Dhabi
Tukirekebishana turekebishane sawasawa. Hiyo ya 2016 imeshafutwa, sasa ni Na. 34 ya 2021, inatumika tangu Januari 2022. Faini ndiyo iliyobaki ileile.

Athumani, Ajman
Chumbani kwetu tuko wanane na wote tunayo. Sijaona milioni ya mtu.

Rukia, Rotterdam
Poleni wapendwa. Huku Uholanzi mwaka 2011 KPN, kampuni ya simu, ilitaka kutoza nyongeza wanaotumia WhatsApp na Skype, maana mapato ya SMS yalikuwa yanaporomoka. Watu wakaja juu, na 2012 Bunge likapitisha sheria: kampuni ya simu isichague kipi kipite na kipi kisipite. Sisi ndio wa kwanza duniani.

Fatma M., Abu Dhabi
Wa kwanza Ulaya, da Rukia. Chile walitangulia 2010.

Mzee Khamis, Muscat
Nyote mnazunguka. Wakubwa wanaposema simu za intaneti zimefungwa kwa ajili ya leseni na usalama, mimi nasikia dakika za ng'ambo. Mtu akipiga Zanzibar kwa dakika za kawaida, kampuni inakula. Akipiga kwa intaneti, inakula kidogo tu. Saudia walipoamua kufungua simu hizo Septemba 2017, usalama wao uliruka ukuta? Na anayeumia si meneja. Teams na Zoom, programu za mikutano, zimeruhusiwa Imarati tangu Machi 2020, wakati wa korona. Meneja ana mkutano wake. Kibarua ana mama asiyejua Zoom ni nini.

Salum, Deira
Shikamoo Mzee. Umenena.

Babu K., Kampala (nimesharudi)
Msidhani nyumbani ni nafuu. Huku Julai 2018 tulitozwa OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, ndipo uingie WhatsApp. 2021 wakaifuta, wakaweka asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Tulishangilia wiki moja.

Athumani, Ajman
Na Bongo je? Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakataka VPN ziandikishwe. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Siku zile BOTIM ya kulipia na ya bure zilikuwa sawa. Nilikaa na simu mkononi kama kichaa, sijui mdogo wangu wa Ubungo yuko wapi.

Fatma M., Abu Dhabi
Athumani, siasa tulikubaliana zisiingie humu.

Athumani, Ajman
Mdogo wangu si siasa.

Mwanaidi, Sharjah
Ahsanteni wote. Lakini ile namba, inahamishika au haihamishiki?

Salum, Deira
Muulize mandubu mwingine, wengine wana utu. Mimi laini yangu ni ya jina langu tangu zamani.

Rukia, Rotterdam
Mwanaidi, wewe ni wa Tanga ipi? Chumbageni au Ngamiani? Nilisoma na Mwanaidi mmoja.

Mzee Khamis, Muscat
Kama kuna anayekwenda Tanga kabla ya Ramadhani na ana nafasi ya kilo tano, anitumie ujumbe pembeni. Ni dawa na halua tu, nitalipia.