Wazazi wa darasa la Tano wajulishwe nini, na kwa njia gani?

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Habari za kazi, walimu na wazazi. Ninafundisha darasa la Tano katika shule ya msingi ya serikali hapa Manispaa ya Moshi, nami ndiye mwalimu wa darasa. Ningependa kujua wenzangu mnawapaje wazazi na walezi taarifa za yale watoto wanayojifunza, mbali na matokeo ya mitihani. Tunalo kundi la WhatsApp, lakini limejaa salamu za asubuhi, matangazo ya biashara na habari za misiba, kiasi kwamba tangazo la shule likiwekwa saa mbili, ikifika saa nne halionekani tena. Isitoshe, baadhi ya watoto wanalelewa na bibi zao wenye simu za kitochi, na akina baba kadhaa ni wapagazi wa Mlima Kilimanjaro ambao wakishapanda na wageni hawapatikani karibu wiki nzima.

Kinachonisukuma kuuliza sasa ni mtaala. Watoto hawa ndio walioanza darasa la Tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024, kwa hiyo watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watakuwa wanamaliza darasa la Saba. Wazazi wengi hawajalielewa hilo, na wapo wanaoniuliza Maarifa ya Jamii imekwenda wapi na haya masomo ya Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili yametoka wapi. Niandike nini, na mara ngapi, bila kujitwisha mzigo utakaonishinda kabla ya mwaka kwisha?

Mwalimu wa Ngarenaro, Arusha

Mwalimu mwenzangu, mimi hutumia barua fupi kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, na wanaoiandika ni wanafunzi wenyewe. Uandishi wa barua ni sehemu ya somo la Kiswahili, kwa hiyo kipindi hakipotei na shule haigharimii karatasi wala wino wa kurudufu. Tunakubaliana ubaoni mambo ya kutaja, kila mtoto anaandika kwa maneno yake katika daftari dogo la mawasiliano, mimi ninapitia na kusahihisha, kisha daftari linakwenda nyumbani na kurudi Jumatatu likiwa na sahihi ya mlezi. Kwa darasa kubwa, sahihisha nusu ya madaftari wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo, la sivyo utachoka mapema.

Kuhusu cha kuandika, sentensi kama "tumejifunza sehemu na desimali" haimsaidii mzazi hata kidogo, kwa sababu hajui afanye nini nayo. Barua yetu hueleza jambo ambalo mtoto sasa anaweza kulifanya, halafu humpa mzazi swali moja la kumwuliza: kwa mfano, mtoto akokotoe gharama ya kilo moja na robo ya maharage kwa bei ya sokoni ya siku hiyo. Mama anayeuza mbogamboga atalipima jibu hilo haraka kuliko mimi. Kwako Moshi una utajiri zaidi, maana katika Jiografia na Mazingira unaweza kumtuma mtoto amwulize bibi yake jinsi mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, ilivyochimbwa kufikisha maji kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, na zamu za maji ziligawanywaje. Hapo bibi mwenye kitochi naye anapata nafasi ya kufundisha, na wewe unapata majibu ya kufundishia Jumatatu.

Baba aliye mlimani atasoma daftari akishuka. Hilo halina haraka.

Mzazi wa Sakina, Arusha

Naomba nizungumze kama mzazi. Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016, michango ya hiari haijakoma, hasa ya chakula cha mchana, nami siipingi, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hasomi. Shida ni kwamba shuleni anakosoma mwanangu ujumbe huja pale tu panapotakiwa pesa au pale mtoto anapokosea, hadi mzazi akiona namba ya mwalimu anaanza kuhesabu alicho nacho mfukoni. Nakuomba, Mwalimu wa Pasua, usichanganye mchango na habari za masomo katika ujumbe mmoja hata siku moja, kwa sababu mzazi asiye na pesa siku hiyo hatasoma mstari unaofuata. Pia tuma jioni, baada ya saa moja, kwani wengi wetu asubuhi tuko sokoni au barabarani.

Mwalimu Mkuu Mstaafu, Kibosho

Mama wa Sakina amesema kweli. Nitaongeza mambo ambayo wenzangu hawajayagusa.

Kundi la WhatsApp lisifutwe, bali lipangwe ili wasimamizi peke yao ndio waandike, na wazazi wakitaka porojo wafungue lao. Majina ya watoto na alama zao yasibandikwe humo kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihusu shule pia, na hata bila sheria, mtoto aliyeshika mkia hapaswi kujadiliwa na mtaa mzima. Matokeo ni ya mzazi na mwalimu.

Suala la mwaka 2027 usilieleze kwa ujumbe wa simu, kwa maana litazaa uvumi usiku huohuo. Mwombe mwalimu mkuu aitishe kikao, ikiwezekana Afisa Elimu Kata awepo, na tangazo lipelekwe kanisani na msikitini, ambako linawafikia hata wasio na simu. Kikao kisigongane na siku ya soko. Wazazi walio Dar es Salaam wasikudanganye kwamba watakuja Desemba. Wakati huo wapo kweli, lakini shule imefungwa.

Mwalimu wa Pasua, Moshi

Shikamoo, mwalimu, nawe Mama wa Sakina nakushukuru. Nitaanza na daftari, na kuhusu kikao nitazungumza na mwalimu mkuu wiki hii. Limebaki moja: mlezi asiyejua kusoma atatia sahihi kitu asichokijua.

Mwalimu wa Ngarenaro, Arusha

Mimi sahihi siitegemei sana. Mtoto humsomea mlezi barua kwa sauti, kisha huandika chini yake jibu la mlezi kwa lile swali, sentensi mbili tu. Anayejitungia jibu utamgundua Jumatatu, hasa ukiuliza habari za mfongo.