Naomba ushauri: filamu ya infraredi usiku, mibuyu ya Mama Ngina

Kijana wa Kibokoni
Waungwana, salaam. Nina kamera ya zamani ya milimita 35, filamu ya Rollei Infrared 400 na filta ya R72 (huzuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho), na azma yangu ni kuipiga picha mibuyu ya Mama Ngina, hapa Mombasa, baada ya Isha, majani yatoke meupe kama yatokavyo mchana. Je, mbalamwezi na taa za barabarani zinatosha? Na joto la watu wanaopunga upepo pale litaonekana?

Bi Chumba cha Giza
Joto halitaonekana, mwanangu. Filamu hiyo huishia kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 820, ilhali joto la mwili hutoka kwa wingi karibu na nanomita 10,000. Hata filamu ya Kodak HIE, ambayo utengenezaji wake ulisitishwa mwaka 2007, ilifika 900 tu. Unategemea mwanga unaoakisiwa, usiku sawa na mchana, na taa za LED karibu hazina infraredi kabisa. Taa za sodiamu, zile za rangi ya machungwa, zinayo, ila sehemu kubwa iko pale pale filamu yako inapoanza kuishiwa nguvu.

Mzee wa Tudor
Mbalamwezi ni mwanga wa jua ulioakisiwa, kwa hiyo infraredi imo, lakini mwezi mpevu ni hafifu kuliko jua mara 400,000 hivi. Ukiichukulia filamu kuwa ISO 12 (kipimo cha wepesi wa filamu kwa mwanga) nyuma ya R72, tundu la lenzi la f/2.8 litadai kama dakika 17, na hapo hujaongeza muda wa kufidia wepesi ambao filamu huupoteza shata ikikaa wazi kwa muda mrefu. Saa nzima si ajabu. Kusi likivuma, majani yatageuka ukungu mtupu. Tena hakikisha mbuyu una majani, kwa kuwa wakati wa kiangazi hupukutika, na kinachong'aa ni majani, si gome.

Bi Chumba cha Giza
Ndiyo maana nashauri flashi ya kamera, si taa ya simu, ambayo nayo ni LED. Gesi ya zenoni hutoa infraredi nyingi. Simamisha kamera kwenye stendi, panga picha na fokasi kabla ya kufunga filta, kwani baadaye hutaona kitu, kisha sogeza fokasi hadi alama ya infraredi iliyo kwenye lenzi. Fungua shata kwa B (hukaa wazi hadi uiachie), uzunguke mti ukimulika. Wapo wanaofunga filta kwenye flashi. Kwa mtaa wenye taa sikubaliani nao, maana mwanga wa kawaida utaingia kwenye lenzi. Mpiga picha wa magazeti Weegee alitumia infraredi na flashi miaka ya 1940 kuwapiga watu gizani ndani ya sinema za New York bila wao kujua. Wewe waombe ruhusa.

Kijana wa Kibokoni
Ahsanteni. Nimulike mara ngapi?

Mzee wa Tudor
Flashi yenye namba ya mwongozo (umbali kwa mita mara namba ya f) 32 kwa ISO 100 hushuka hadi kama 11 kwa ISO 12. Ukisimama mita 4 kutoka kwenye majani, f/2.8 inataka mmuliko mmoja na f/5.6 inataka minne. Mimi ningechagua f/5.6, isamehe kasoro za fokasi. Filamu uipakie gizani, kwa sababu poliesta yake hupitisha mwanga hadi ndani ya roli ya filamu, na uwaarifu askari wa pale kabla hujaanza kumulika.