Hivi Snowball angemshinda Napoleon, lile shamba lingepona?

msomaji_wa_usiku

Wakuu habari za saa hizi. Nimemaliza Animal Farm ya George Orwell kwa mara ya tatu (wengi tunaijua kama Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, hadithi ya wanyama wanaomtimua mkulima Jones halafu nguruwe Snowball na Napoleon wanagombea uongozi) na safari hii kimeniachia ubishi na rafiki yangu mpaka tumenuniana. Mimi nasema msiba wote uko siku ile ya mkutano wa kinu cha upepo, Snowball kashapiga hotuba, wanyama wameshalainika, kura ziko kwake kabisa, mara Napoleon anatoa mlio mmoja wa ajabu na mbwa 9 wanaingia mbio wanamfukuza mwenzao mpaka anapenya kwenye tundu la ua na haonekani tena. Pale ndipo shamba lilipoibiwa. Kabla ya hapo kulikuwa na mijadala, kura, kamati, madarasa ya kusoma, baada ya hapo ni amri tu. Rafiki yangu anasema najidanganya, nguruwe ni nguruwe, angeshinda huyu au yule, farasi mchapakazi Boxer angeishia kwenye lile gari la mchinjaji tu.

Najua Snowball ni Trotsky na Napoleon ni Stalin, wale mahasimu wa mapinduzi ya Urusi, hilo halina mjadala. Ninachouliza ni je, mwandishi mwenyewe alitaka tumlilie Snowball? Naomba majibu ya vitu vilivyomo kitabuni jamani, hisia ninazo za kutosha.

Kinubi77

Mkuu rafiki yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe ila naye kapita njia ya mkato. Rudi nyuma kabla ya mbwa, kabla hata ya kinu, siku ya kwanza kabisa baada ya Jones kutimuliwa. Ng'ombe hawajakamuliwa wanasumbuka, nguruwe wanawakamua, zinapatikana ndoo 5 za maziwa yanayotoa povu na kila mmoja kayakodolea macho. Mtu anauliza maziwa yote haya yanaenda wapi. Napoleon anasimama mbele ya ndoo, anawaambia achaneni na maziwa mavuno ndiyo muhimu, ndugu Snowball atawaongoza mimi nakuja nyuma. Wanaenda kukata majani, jioni wanarudi, maziwa hayapo. Sura inaisha hivyo hivyo bila maelezo.

Baadaye ndiyo inajulikana kwamba kila siku yanachanganywa kwenye chakula cha nguruwe, na matufaha nayo yakaenda huko huko. Squealer, nguruwe msemaji wao, akaja na lugha yake, eti sisi hata hatuyapendi, tunayala kwa ajili yenu, bongo zetu zikichoka Jones anarudi. Sasa kuna mstari hapo wengi tunauruka: nguruwe wote walikuwa kitu kimoja kwenye hilo, hata Snowball na Napoleon. Hao ambao walikuwa wakibishana kila kitu mpaka aina ya mbegu ya kupanda! Kwenye kula cha wenzao wakapatana.

Na siokotezi. Mwishoni mwa 1946 Orwell alimwandikia barua rafiki yake Mmarekani, Dwight Macdonald, akamwambia kwamba bawaba ya hadithi nzima ni pale nguruwe walipojitwalia maziwa na matufaha, na kwamba wanyama wangekuwa na akili ya kugoma siku ile mambo yangeenda vizuri. Kwenye mabano akataja Kronstadt. Hii Kronstadt ni ngome ya wanamaji karibu na Petrograd, mabaharia wake walikuwa fahari ya mapinduzi 1917, Machi 1921 wakadai uchaguzi huru wa mabaraza na uhuru wa kusema kwa wafanyakazi na wakulima, Jeshi Jekundu likatumwa kuvuka barafu likawasambaratisha. Kamishna wa vita mwaka huo ni nani? Trotsky. Stalin hata ukatibu mkuu wa chama alikuwa hajaupata, aliupata 1922.

Kwa hiyo kumlilia Snowball ni kumlilia mtu aliyekula matufaha yako halafu akaonewa na mwenzake.

Bi_Mkubwa_wa_Vitabu

Kinubi mwanangu umesema vizuri ila umeupeleka mkono mbali. Kula matufaha ni wizi, sikatai. Lakini kuna umbali mkubwa sana kati ya kula matufaha na ile siku ya uani ambapo wanyama wanakiri makosa mmoja baada ya mwingine na kuraruliwa koo papo hapo mpaka miili ikarundikana mbele ya miguu ya Napoleon, na kitabu chenyewe kinasema harufu ya damu ilikuwa haijasikika pale tangu Jones aondoke. Huwezi kuviweka kwenye mizani moja eti vyote ni unguruwe.

Angalia wanachokiri. Kuku walioongoza mgomo wa mayai wanasema Snowball aliwatokea ndotoni. Kondoo mmoja anakiri kukojoa kwenye bwawa la kunywea, kaambiwa na Snowball! Unacheka halafu unakumbuka kesi za Moscow za 1936 hadi 1938, wazee wa chama kina Zinoviev, Kamenev na Bukharin wanasimama mahakamani kukiri kwamba wamekula njama na Trotsky, ambaye kafukuzwa nchini tangu 1929. Au huo mgomo wa kuku wenyewe, wanapanda kwenye boriti wanataga huko mayai yapasuke chini kuliko yachukuliwe, Napoleon anawakatia chakula siku 5, wanakufa 9. Wakulima wa Urusi na Ukraine walivyochinja mifugo yao wenyewe kuliko kuipeleka kwenye mashamba ya ushirika ndiyo hiyo, na njaa ya 1932 na 1933 iliyoondoka na mamilioni. Mimi siwezi kusema Trotsky angefanya hayo hayo kwa kipimo kile kile, na wewe huwezi kusema asingefanya.

Ninachojua ni kwamba Orwell hakuwa mfuasi wake. Alikwenda Hispania kupigana dhidi ya mafashisti akiwa na wanamgambo wa POUM, chama cha Kimarx kilichompinga Stalin, Mei 1937 akapigwa risasi ya shingo, alipopona akakuta chama chake kinaitwa wasaliti na vibaraka wa Trotsky na wenzake wanakamatwa, ikabidi yeye na mkewe watoroke nchi. Mtu aliyeitwa Snowball akiwa siye Snowball anaijua ladha ya lile neno. Ndiyo maana yule nguruwe anaonewa kwa undani vile, msaliti wa kila msumari uliopotea, lakini hatakaswi.

jembe_na_nyundo

Mnapoteza muda, hicho ni kitabu cha mabepari cha kuwatisha watu wasidai haki zao. CIA, majasusi wa Marekani, walikitengenezea mpaka filamu.

Bi_Mkubwa_wa_Vitabu

Filamu ya 1954 ndiyo, fedha zilitoka CIA, hilo liko wazi siku hizi. Ila jiulize kwa nini walilazimika kubadilisha mwisho. Kitabuni binadamu na nguruwe wako meza moja, mkulima jirani Bwana Pilkington anampongeza Napoleon kwamba wanyama wake wanafanya kazi nyingi na kula kidogo kuliko wanyama wote wa wilaya ile, na wanaochungulia dirishani hawawezi tena kutofautisha uso wa nani ni wa nani. Hiyo ni sifa kwa mabepari kweli? Kwenye filamu wale binadamu wakaondolewa pale mezani na wanyama wakapewa mapinduzi mapya dhidi ya nguruwe. Kama kitabu kilikuwa chao wangekiacha kilivyo. Tena Jones ni mlevi anayesahau kulisha mifugo, hakuna ukurasa hata mmoja unaomwonea huruma.

punda_mzee

Jina langu linanilazimisha kuingia hapa maana mimi nadhani nyote mnatafuta kosa kwa nguruwe tu na hapo ndipo mnamwachia mtu mwingine anapita.

Kwanza mleta mada ujue swali lako lilishaulizwa kabla kitabu hakijatoka. 1944 Orwell alikuwa anazunguka na mswada unakataliwa, Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza vitani na hakuna aliyetaka kumuudhi Stalin, ikafika kwa mshairi T. S. Eliot pale kampuni ya uchapishaji ya Faber. Eliot akamjibu kwamba nguruwe ndio wenye akili kuliko wote kwa hiyo ndio wanaofaa kuendesha shamba, kwamba mtu angeweza kusema kilichohitajika ni nguruwe wenye moyo wa kujali umma zaidi. Huyo si ndiye Snowball wako? Nguruwe mwema. Akakataa kukichapa, wakaja kukichapa Secker & Warburg Agosti 1945 vita vimeisha Ulaya. Na ile barua aliyoitaja Kinubi, humo humo Orwell anasema hakuna udikteta mwema, mapinduzi hufanyiwi, unayafanya mwenyewe.

Sasa nenda kwenye lile darasa la kusoma unalomsifia Snowball nalo, maana kwangu hiyo ndiyo kurasa nzito kuliko mbwa na damu vyote. Nguruwe wanasoma vizuri kabisa. Mbwa wanasoma ila hawana hamu ya kusoma kitu kingine zaidi ya Amri Saba, zile sheria za shamba zilizoandikwa ukutani. Muriel mbuzi anasoma vipande vya magazeti alivyookota. Farasi Clover anazijua herufi zote ila hawezi kuunganisha neno. Boxer anaishia herufi ya D, kila akijifunza E, F, G, H anagundua kasahau A, B, C, D, akaamua zitoshe hizo za mwanzo. Kondoo na kuku hata amri saba hazikai kichwani, na ni Snowball huyo huyo akawafupishia zote kuwa msemo mmoja, miguu minne ni wema, miguu miwili ni ubaya. Umeona? Msemo ambao kondoo waliutumia baadaye kumzomea Snowball mwenyewe katikati ya hotuba zake, yeye ndiye aliyewapa! Na mwisho wakafundishwa kuugeuza nguruwe walipoanza kutembea wima.

Halafu kuna punda Benjamin. Anasoma sawasawa na nguruwe yeyote lakini hasomi, anasema hakuna kitu chenye thamani ya kusomwa. Amri zinabadilika ukutani usiku, katazo la kitanda linaongezewa "chenye mashuka", la pombe linaongezewa "kupita kiasi", la kuua linaongezewa "bila sababu", na Squealer anakutwa ameanguka chini ya ngazi pembeni kuna brashi na kopo la rangi nyeupe! Benjamin peke yake ndiye aliyeelewa, akatikisa pua akanyamaza. Siku aliyofungua mdomo kuwasomea maandishi ya lile gari, kwamba ni la mchinja farasi na mchemsha gundi, rafiki yake Boxer alishafungiwa ndani. Nguruwe wakaenda kununua wiski.

Sisemi Benjamin ni mbaya kuliko Napoleon msininukuu vibaya. Nasema wakati wa maziwa alikuwepo.

msomaji_wa_usiku

Aisee punda mzee umenikata maini. Sikuwahi kuunganisha ule msemo na Snowball kuzomewa, nimesoma mara tatu!

Basi nakubali nusu. Nusu nyingine nabaki na Bi Mkubwa kwamba mwizi wa matufaha na mchinjaji si mtu mmoja. Swali dogo la mwisho, Lenin yuko wapi humu? Rafiki yangu anasema Mzee Major, yule nguruwe mzee aliyewahubiria wanyama mapinduzi, ni Lenin, mimi nasema Marx.

Kinubi77

Wote mko sawa na wote mmekosea, Lenin hana nguruwe wake. Major anahutubia kama Marx halafu anakufa kabla ya mapinduzi kama Marx, ila fuvu lake linafukuliwa na kuwekwa juu ya kisiki wanyama wapite kutoa heshima, na hiyo ni Lenin aliyelazwa wazi Moscow tangu 1924. Na ukiwaondolea Lenin, Snowball na Napoleon wanabaki peke yao ulingoni, ndiyo maana wasomaji wengi kama wewe wanaona ni pambano la mwema na mbaya. Kama kitabu kina udhaifu mimi nadhani ni hapo.

Halafu kwa vile Bi Mkubwa anapenda haki itendeke, kuna neno moja Orwell alilibadilisha Machi 1945 kitabu kikiwa kinakaribia kuchapwa. Kinu kinalipuliwa, mwanzo aliandika wanyama wote pamoja na Napoleon walijitupa kifudifudi, akaomba iwe wote isipokuwa Napoleon, sababu Stalin hakukimbia Moscow Wajerumani walipokaribia 1941 na aliona si haki kumnyima hilo.

Bi_Mkubwa_wa_Vitabu

Hilo la isipokuwa Napoleon nalijua na nampenda Orwell kwa hilo. Ila mmewapanga wote, nguruwe, punda, kondoo, mpaka kunguru Moses na nchi yake ya sukari nilitegemea mtu amguse. Paka mnamweka wapi?

punda_mzee

Paka alipiga kura pande zote mbili, mwacheni alale.