Ski za uwanja wa miruko: 171 au 177, na baindingi nizifunge wapi?

Kipupwe: Wakuu, Jumamosi napeleka ski kwa fundi na bado sijaamua. Zipo jozi mbili, zote zimepinda ncha mbele na nyuma: mpya za sm 171, kiuno (upana wa katikati) mm 86, na zilizotumika za sm 177, kiuno mm 98. Nataka reli (vyuma vya kutelezea juu yake) na miruko. Nichukue zipi, na baindingi (vifungo vinavyoshika buti kwenye ski) zikae katikati kamili ya ski au zirudi nyuma kidogo?

FundiKeekee: Hujataja urefu wako, uzito, wala urefu wa soli ya buti. Hizo zilizotumika zina matundu ya skrubu za baindingi? Breki ya baindingi (mikono inayozuia ski ikichomoka) ina upana gani?

DadaReli: Chukua 171 bila kusita. Ski fupi inageuka upesi, na hewani haikuelemei ukizunguka. Mimi nafunga katikati kamili, nikiteleza kinyumenyume najisikia vilevile.

MzeeWaMteremko: Katikati kamili inamfaa anayeshinda kwenye reli. Theluji ikiwa laini mbele panabaki pafupi, ncha inazama. Rudisha sm 2 au 3, kijana wangu.

Kipupwe: Shikamoo mzee. Nina sm 176, kilo 72. Nusu ya siku niko kwenye miruko, nusu kwenye mteremko wa kawaida. Breki ni mm 90. Zilizotumika zimetobolewa mara moja.

FundiKeekee: Breki ya 90 haipiti kwenye kiuno cha 98. Na soli je? Imeandikwa ubavuni mwa buti, karibu na kisigino.

Tulia: Hayo matundu yaogope. Msimu wangu wa pili nilinunua ski zilizotobolewa kwa buti ndefu kuliko zangu, nikataka baindingi zisogee mbele kidogo tu. Fundi akasema inawezekana. Matundu mapya yakakaribiana mno na ya zamani, na ya zamani hayakuzibwa. Maji ya theluji yakaingia taratibu, mbao ikalainika, mimi sijui lolote. Siku hiyo nikaruka, nikatua vizuri kabisa, nikasikia mlio kama tawi linakatika: kipande cha mbele cha baindingi kiling'oka na skrubu zake zote. Niliangukia bega, msimu ukaishia hapo. Sasa hivi napima mwenyewe kwa rula. Tundu jipya likiwa chini ya sm 1 kutoka la zamani, sikubali. Na yale yasiyotumika yazibwe kwa plagi na gundi isiyopitisha maji.

Rukaruka: Pole sana. Mimi ski zilikuwa zinachomoka kwenye reli, nikapandisha DIN (kipimo cha nguvu ya baindingi kuachia buti) hadi 12. Zimetulia.

FundiKeekee: Hapo sikubaliani nawe. DIN hupangwa kwa uzito, urefu, umri, soli na uwezo wa mtelezaji. Ukizidisha, mguu unajipinda na ski haiachii, goti linaumia. Angalia kwanza mgandamizo wa mbele (jinsi baindingi inavyolisukuma buti mbele), na kama soli inaendana na baindingi. Soli ya GripWalk (iliyopinda ili kutembea kuwe rahisi) haikai kwenye kila baindingi.

Rukaruka: Nina kilo 95 na nimeteleza miaka 14.

DadaReli: Basi hiyo ni yako, usimpe mwenye kilo 72.

MzeeWaMteremko: Nyinyi mmezikuta ski za ncha mbili. Kabla Salomon hawajatoa Teneighty, ski yao ya ncha mbili, mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi wetu tuliruka na ski za mkia bapa. Ukitua kinyumenyume mkia unachimba theluji.

DadaReli: Kipupwe, jambo jingine: kingo za chuma chini ya buti zipunguzwe makali kabla ya reli ya kwanza, zisije zikanasa.

MzeeWaMteremko: Na kwenye barafu atashika kwa nini? Nusu ya siku yuko mteremkoni, amesema mwenyewe.

DadaReli: Chini ya buti tu, mzee. Mbele na nyuma abaki na makali.

MzeeWaMteremko: Chini ya buti ndipo uzito unapokaa!

Kipupwe: Soli ni mm 305. Naelekea 171, sm 2 nyuma. Ila hili la kingo sasa limenichanganya.

Tulia: Buti lina alama ya katikati ya soli. Hakikisha fundi anapimia hapo, asipimie kisigino.