Mliowahi kuishi Kupro (Cyprus): mwezi wa pili ulipofika, mlikumbuka chakula gani cha kwetu? Tupeane uzoefu

Binti wa Tanga
Habari zenu ndugu. Kila Februari mawazo yangu yanarudi Larnaca, nilikokaa miaka minne nikimtunza bibi mmoja. Nje jua linawaka, milozi imejaa maua kabla hata majani hayajatoka, lakini ndani vigae vina baridi ya kutoboa nyayo. Hapo ndipo kwetu kuliponiuma.

Siku moja bibi karudi sokoni, kamwaga mfuko mezani. Magimbi! Wao huita kolokasi, yanalimwa huko Sotira na Xylofagou. Nikayamenya mbio, nikayapeleka bombani. Bibi akapiga kelele, akaninyang'anya. Kumbe kwao gimbi huoshwa na maganda yake, likikauka ndiyo linamenywa, na likishamenywa halionjeshwi maji. Wala halikatwi mpaka mwisho: kisu kinaingia kidogo, unakipinda, kipande kinavunjika ka! Usipofanya hivyo, mchuzi wote ute.

Wao hulipika na nguruwe, nyanya na selari. Langu akanipikia na kuku. Jumapili nikampikia yeye kwa tui la kopo na limau la mti wa uani. Alikula kimya, akapangusa sahani kwa mkate. Sijawahi kufurahi vile jikoni kwa mtu.

Nyinyi je?

Mwana wa Nyeri
Hizo ni nduma kabisa! Kwetu ni za kuchemsha, na chai. Mimi nilisomea Nicosia, na kilichonimaliza ni kuona akina mama wazee wameinama kando ya barabara wakichuma mboga za mwitu. Ilikuwa Kwaresima, nyama hawali. Kuna majani madogo wanayaita strouthkia, siku zisizo za mfungo wanayakaanga na mayai. Nilisimama pale nikamwona shosho yangu akichuma mboga zetu za terere na managu baada ya mvua. Nilimpigia simu jioni hiyo hiyo.

Mgogo wa Kongwa
Mie nilikuwa upande wa kaskazini, Famagusta. Jirani aliniita kula, akafunua sufuria: mlenda! Wanauita molohiya, wanaukausha kiangazi na kuula baridi nzima, kama mama anavyokausha wetu. Ila wao wanaweka nyama na limau ili ute upungue, na sisi tunatia magadi uzidi kuvutika. Nilimeza kwa shida, si kwa ubaya wa chakula. Machozi yalikuwa karibu.

Mtoto wa Bukavu
Mimi niko Limassol, huu ni mwezi wangu wa tatu hapa. Kumbe yale magimbi ndiyo mateke ya kwetu! Niliyaona sokoni juzi nikadhani mizizi ya dawa. Dada wa Tanga, hilo tui ulilipata wapi?

Binti wa Tanga
Pole na ugeni, mdogo wangu. Ingia duka la Wafilipino au la watu wa Sri Lanka, hukosi. Chukua makopo mawili. Na ukishayamenya, usiyaoshe.