Kilima cha kwetu nyuma ya treni za modeli: nipige picha upya au nikuze za zamani?

Reli_Ukutani:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wanaojenga treni za modeli. Nina meza ya HO (kipimo cha 1:87, yani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli) imeegemea ukuta, urefu mita 3, stesheni ipo katikati na reli nimeshatandika, sasa nimefika kwenye ukuta wenyewe na sitaki kubandika ile milima ya kununua ambayo kila mtu anayo. Nataka nyuma ya stesheni kionekane kilima cha mji niliokulia, kile tulichokuwa tunakitazama tukisubiri treni, maana bila kile kilima hiyo stesheni kwangu ni stesheni yoyote tu. Shida ni kwamba picha nilizonazo ni za familia, ndogo za 10×15, rangi zimeshageuka wekunduwekundu, na mji wenyewe siku hizi maghorofa na minara ya simu imepanda mpaka kilimani. Nikapige upya halafu nifute majengo, au niskani hizi za zamani nizikuze? Na kwa mita 3 si itatoka haieleweki?

Fundi_Behewa:
Mkuu zote zina kazi yake. Kilima hakijahama, ule mstari wake wa juu ni uleule, kwahiyo umbo kalipige upya, picha za familia zikuelekeze huko chini, miti ilikuwa wapi, paa gani zilionekana, wapi palikuwa wazi.

Hesabu iko hivi. Ukiskani picha ya 10×15 kwa nukta 600 kwa inchi unapata pikseli kama 2,360 kwa 3,540, ukiprinti kwa nukta 150 (kwa mtu anayetazama kwa mbali kidogo inatosha kabisa) inatoka sentimita 40 kwa 60 basi. Wewe unahitaji mita 3, na kwa kimo cha sentimita 40 hiyo ni pikseli kama 17,700 kwa 2,360. Kamera ya kawaida ya megapikseli 12 inaweza, ila isimamishe wima kwenye stendi, uizungushe kidogokidogo upige picha tisa kumi hivi, kila moja ipande juu ya mwenzake kwa theluthi, halafu uziunge kwa Hugin, ni programu ya bure. Mwanga, rangi na fokasi uviseti mwenyewe kwa mkono (manual) visibadilike, la sivyo anga itakuwa na mabaka kila picha inapoungana na nyingine.

Kitu wengi hawakifikirii ni lenzi. Ukisimama mita moja na nusu kutoka ukutani, mita 3 zinajaza nyuzi 90 za macho yako, basi na picha yote ichukue nyuzi 90 hivi, usiende zaidi. Ukitumia lenzi pana unabana mandhari nzima kwenye ukuta na kilima kinakuwa kichuguu. Tumia ya kuvuta, kama milimita 100 kwenye kamera ya fremu nzima (full frame, yenye sensa ya milimita 36×24).

Mama_Stesheni:
Naunga mkono hapo kwenye lenzi, ila mimi nitabishana kidogo kuhusu ukali wa picha. Picha ikiwa kali sana ukutani inashindana na treni, jicho linakimbilia huko nyuma. Kwenye 1:87 mita 100 za kweli ni sentimita 115 mezani, kilima kilicho kilomita 2 kingetakiwa kiwe mita 23 kutoka kwenye reli, yani nje ya nyumba kabisa! Sasa hewa ya umbali wote huo lazima uiweke wewe: punguza ukolezi wa rangi, punguza utofauti wa giza na mwanga, na kadiri unavyokwenda mbali peleka rangi kwenye bluu iliyopauka. Na nyumba yoyote kwenye picha ikionekana kubwa kuliko nyumba zako za mezani ifute bila huruma hata kama ni ya jirani mliyempenda.

Halafu usiogope kwamba mji wa kwenye modeli haufanani na wa leo. Pale Pendon Museum, Uingereza, Roye England alianza kwa sababu hiyohiyo, alikuwa Mwaustralia aliyefika huko 1925, akaona nyumba za vijiji vya Vale of White Horse zinaharibiwa na kubadilishwa, na modeli yao mpaka leo inaonyesha miaka ya 1920 na 1930. Futa minara ya simu, rudisha miti, huo ndio mji unaoujua wewe.

Reli_Ukutani:
Asanteni sana, nimesisimka hapo kwenye miti. Kwenye picha moja kuna barabara inatoka stesheni inapanda moja kwa moja kilimani, naitaka mno ile barabara. Na upeo wa macho niuweke kimo gani?

Mama_Stesheni:
Barabara inayoingia ukutani inakaa sawa ukiwa umesimama sehemu moja tu, ukisogea hatua mbili inavunjika. Ipinde nyuma ya jengo au miti kabla haijagusa ukuta, halafu kwenye picha itokeze kule juu kilimani. Upeo wa macho kawaida uwe sawa na macho ya mtazamaji, kwahiyo kama unatazama umekaa kwenye kiti, na picha umeipiga ukiwa kwenye jukwaa la abiria, vitakutana vizuri. Ukisimama unaiona stesheni kwa macho ya ndege na kilima kinakataa.

Fundi_Behewa:
Nyongeza kwa haraka. Karatasi au vinaili isiyong'aa, kona zikunjwe kwa mviringo usiache pembe, na acha nafasi ya sentimita 10 kati ya reli na ukuta maana kivuli cha behewa kikianguka angani umeharibu kila kitu. Kapige siku ya mawingu mepesi, kivuli hakionekani sana na taa zako zitakubali upande wowote.

Na kabla hujalipia chapa kubwa, printi kwanza kwenye karatasi za kawaida nyeusi na nyeupe, ziunge kwa selotepu, zibandike nyuma ya stesheni uendeshe treni wiki nzima hivi. Kilima kikiwa juu sana au kimekaa kushoto sana utakiona mwenyewe.