Toyota Altezza ya 2001 imechoka sura, nina laki tano, nianzie wapi?

Wakuu salamu, nina Altezza RS200, injini iko poa kabisa ila nje imechakaa, taa za mbele zimekuwa njano, boneti imepauka, nilikuwa nawaza bodi kiti (vipande vya kuongezea umbo kwenye bampa na pembeni) na spoila kubwa, mnaonaje?

gia_sita: Mkuu achana na bodi kiti, zile za faiba za bei chee hazikai sawa, unabaki na uwazi kwenye fenda kidole kinapita. Anza na taa. Zile ni plastiki, bandika maskingi tepu pembeni usije ukakwaruza rangi, piga msasa wa maji namba 800 halafu 1500 halafu 2000, polishi, kisha pulizia klia (vanishi angavu ya juu) yenye kinga ya jua, ukiiruka hiyo, njano inarudi haraka sana. Yangu nilifanya jumamosi moja tu, gari likaonekana kama limeshuka bandarini juzi.

mama_J: Naunga mkono. Boneti jaribu kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) kwanza, ila kama klia inabanduka magamba hapo polishi haisaidii, ipakwe upya. Rimu zipake rangi tu, ukipata za mtumba hakikisha ni nati tano, na duara la nati ni milimita 114.3.

gia_sita: Na taa za nyuma usiguse! Dunia nzima waliziiga.

Mwenye gari: Asanteni sana. Fundi anataka kukata springi ili lishuke, nikubali?

mama_J: Hapana kaka, usikubali, litadunda vibaya na tuta la kwanza tu linaondoka na bampa.